TAHARIRI: Mwenye Deni Hana Kauli

  

Ndugu Waislamu, Wagiriki si wageni katika historia ya mkoa wetu wa Tanga. Enzi za mkoloni walikuwamo miongoni mwa wenye mashamba makubwa ya mkonge. Yaliyoipata nchi yao ya asili tangu mwaka 2009 yanastahiki kuzingatiwa hata na sisi tulio huku milimani, kwani ni habari ya deni, na deni tunalijua.

Mwishoni mwa mwaka huo serikali mpya ya Ugiriki ilikiri kwamba nakisi ya bajeti ilikuwa kubwa mno kuliko takwimu zilizotangazwa kabla. Wakopeshaji wakaingiwa na hofu, wakapandisha riba, hata nchi ikashindwa kukopa. Mwezi Mei 2010 nchi zinazotumia sarafu ya yuro, pamoja na Shirika la Fedha la Kimataifa (IMF), zikaahidi mkopo wa yuro bilioni 110 kwa masharti. Ikafuata mikopo mingine mwaka 2012 na 2015. Sehemu kubwa ya fedha hizo ilirudi kwa wakopeshaji wa awali, huku mishahara na pensheni za wazee zikipunguzwa na kodi zikipandishwa. Kufikia mwaka 2013 zaidi ya robo ya nguvu kazi ya nchi haikuwa na ajira. Kwa vijana ilikuwa zaidi ya nusu.

Tarehe 5 Julai 2015 wananchi waliitwa kupiga kura: wayakubali masharti ya wakopeshaji au wayakatae? Zaidi ya asilimia 61 walikataa. Siku nane baadaye serikali ile ile iliyowaomba wakatae ikakubali masharti makali. Hapo ndipo penye ibra. Kura ilipigwa na ikahesabiwa, lakini benki zilikuwa zimefungwa na hazina haikuwa na kitu. Mwenye deni hana kauli.

Asidhani mtu kwamba hayo ni ya Ulaya peke yake. Sisi tuliyaonja mapema zaidi. Kuvunjika kwa Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 1977, Vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979, na kupanda kwa bei ya mafuta viliikausha akiba yetu ya fedha za kigeni. Mwalimu Nyerere alikataa hadharani kwamba IMF iwe ndiyo inayotuamulia sera za nchi, na hoja yake ilikuwa ya haki. Hata hivyo viwanda vilikosa vipuri, wazee wetu wakapanga foleni za sukari na sabuni, na mwaka 1986 serikali ya Mzee Ali Hassan Mwinyi ikafikia makubaliano na IMF. Shilingi ikashushwa thamani, na kadiri miaka ilivyokwenda wananchi wakatakiwa kuchangia gharama za matibabu na elimu. Msamaha mkubwa wa madeni ulipatikana mwaka 2001, na katika kipindi hicho hicho ada ya shule za msingi ikafutwa. Zingatieni: mzigo wa deni ulipopungua, mtoto wa maskini alirudi darasani.

Hatusemi kwamba wakopeshaji peke yao ndio wenye makosa. Kule hesabu zilifichwa na wenye mali wakakwepa kodi; kwetu mashirika mengi ya umma yaliendeshwa kwa hasara. Mtume (s.a.w.) alikuwa akijikinga kwa Allah kutokana na deni, na alipoulizwa sababu alieleza kuwa mwenye deni huingia katika uongo na kuvunja ahadi. Lakini Uislamu haukumwacha mkopeshaji huru. Katika Suratul Baqara riba imeharamishwa kwa makemeo mazito, na mdaiwa aliye katika dhiki ameamrishiwa muhula mpaka apate wasaa.

Sasa tutazame vijiji vyetu. Mkulima wa kabichi, karoti au viazi wa Lukozi au Mlalo hununua mbegu, mbolea na dawa miezi kadhaa kabla ya kuvuna. Asipokuwa na akiba hukopa, na wapo wanaoangukia kwa wale ambao Watanzania wamewapa jina la kausha damu. Wengine huuza mazao yangali shambani, kwa bei anayoitaka mwenye fedha. Barabara ikikatika kwa mvua kati ya Soni na Mombo, au soko la Dar es Salaam likifurika, hasara ni ya mkulima na riba haipungui. Huyo ana shamba na ana jembe, lakini bei ya jasho lake imeamuliwa na mwingine. Wapo pia wanaokopa kwa ajili ya karamu za harusi. Wahenga walikwishasema: kukopa harusi, kulipa matanga.

Sisi tunasema, khutba za kukemea riba peke yake hazitoshi. Kumwambia mkulima kwamba riba ni haramu, kisha tukamwacha mikono mitupu msimu wa kupanda, hakumtoi katika dhiki. Kila msikiti uanzishe mfuko wa qardhi hasan, ujapokuwa mdogo: mkulima akopeshwe wakati wa kupanda, arejeshe akivuna, bila ziada. Deni liandikwe na lishuhudiwe, kama Qur'an ilivyoelekeza. Aliyezama katika deni akumbukwe katika zaka, kwani gharimina ni miongoni mwa mafungu manane yanayostahiki.

Mfuko huo hautasimama bila uaminifu. Kwa hiyo kamati za misikiti zianze kwa kusoma hesabu zao mbele ya waumini baada ya Sala ya Ijumaa. Tukifanya hivyo tutakuwa na uso wa kuwauliza wabunge wetu, kila ripoti ya Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali inapotolewa: mkopo huu umechukuliwa kwa jambo gani, umetumikaje, na ni nani atakayeulipa? Watakaoulipa ni watoto tunaowafundisha madrasa leo, nao hawakuulizwa.