Mgeni wa Miaka Mia

Ukisimama kando ya Mto Ngong pale Mukuru kwa Reuben, utaona maji meusi yaendayo mashariki. Maji hayo hayakuanzia hapo. Kabla ya kufika kwenye viwanda na Mukuru yenyewe, yamepita Kibra, kwa watu waitwao Wanubi. Nataka tuyafuate mpaka huko juu, kwa sababu wako vijana wa Mukuru, watoto wa wapangaji, wasemao kwamba Wanubi ni wageni katika nchi hii. Neno hilo si la kweli, na walisemao hujidhuru wenyewe.

Wanubi ni nani? Babu zao walikuwa askari kutoka Sudan. Mwaka 1891 Kapteni Lugard aliwachukua waliosalia katika jeshi la Emin Pasha, na baadaye wengi wakaingia katika King's African Rifles, jeshi lililoundwa mwaka 1902. Walipigana vita vya Waingereza, kisha wakapewa mahali pa kukaa katika msitu ulio kusini-magharibi ya Nairobi. Kwa lugha yao msitu huitwa kibra. Mwaka 1918 serikali ilitangaza rasmi kwamba ekari zaidi ya 4,000 zimetengwa kwa ajili ya jeshi. Huko walilima na kujenga, wakacheza doluka, wakasuka makawa ya rangi, na wakaikuza lugha yao ya Kinubi, iliyozaliwa makambini kutokana na Kiarabu.

Sasa fikiri. Nchi hii ilipewa jina la Koloni la Kenya mwaka 1920. Je, mtu aliyekuwamo nyumbani kabla nyumba haijapewa jina, aitwaje mgeni?

Watajibu: hao waliletwa na mkoloni, nao walimbebea bunduki. Ni kweli. Ni kweli pia kwamba Mwingereza aligawa ardhi isiyokuwa yake. Lakini Wakamba na Wanandi nao waliingia katika jeshi lile lile, wala hakuna awaitaye wajukuu wao wageni. Kosa la bwana halimwangukii kitukuu cha askari wake.

Na malipo ya utumishi yalikuwa nini? Wanubi hawakupewa hati; waliambiwa kwamba wanakaa kwa hiari ya serikali. Baada ya uhuru, mwaka 1963, ardhi ilihesabiwa kuwa ya serikali mpya, na mitaa ya wengine ikajengwa juu yake. Kwa miaka mingi kijana wa Kinubi aliyefika umri wa miaka 18 alitakiwa kusimama mbele ya kamati na kuhojiwa asili yake, ndipo apate kitambulisho ambacho mwenzake alikipata bila maswali hayo. Machi 2011 kamati ya Umoja wa Afrika inayolinda haki za watoto iliamua kwamba Kenya imewanyima watoto hao haki ya uraia na ya kutobaguliwa. Mwaka 2017 jamii yao ikapewa hati ya ekari 288. Katika kila ekari mia za zamani, zimepatikana saba hivi.

Turudi Mukuru. Huko nako maelfu ya watu wamekaa miaka mingi juu ya ardhi ambayo karatasi zake zina majina ya wengine. Katika mwaka ule ule wa 2017 serikali ya kaunti iliitangaza Mukuru kuwa eneo maalumu la mipango, baada ya wenyeji na Muungano wa Wanavijiji kuipigania haki hiyo. Hoja yao ilikuwa nini, ila kwamba mtu aliyekaa, akajenga na kulea watoto mahali, ana haki mahali hapo? Ndiyo hoja ya Mnubi. Ukiikataa kwake, umeikata miguu hoja yako mwenyewe.

Wazee walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mnubi amelishika jembe tangu babu yako hajazaliwa. Basi, ewe kijana, utakaposikia tena akiitwa mgeni, usicheke wala usinyamaze. Muulize msemaji: hesabu yako ya ugeni huishia siku ya ngapi?