Wiki sita za mama aliyejifungua na picha ya watu kumi

Familia ina watu kumi na wanataka kupiga picha wakiwa wamejipanga mstari mmoja. Babu anataka kukaa katikati, watoto wanagombea pembeni, shangazi hataki kusimama nyuma ya mtu. Je, wanaweza kujipanga kwa namna ngapi tofauti?

Nafasi ya kwanza anaweza kuichukua yeyote kati ya watu 10. Ya pili wanabaki 9 wa kuchagua, ya tatu 8, hivyo hivyo mpaka wa mwisho. Mzazi akizidisha na watoto 10 x 9 x 8 x 7 x 6 x 5 x 4 x 3 x 2 x 1, atapata 3,628,800.

Sasa tuseme familia hiyo inabadili mpangilio kila sekunde, usiku na mchana, bila kula wala kulala. Itamaliza lini? Baada ya wiki sita kamili, bila sekunde kuzidi wala kupungua.

Siku moja ina sekunde 86,400, yaani 60 x 60 x 24. Zidisha kwa siku 42, jibu ni lile lile. Sababu inaonekana ukizivunja namba hizo: 60 ya kwanza ni 10 x 6, ya pili ni 5 x 4 x 3, 24 ni 8 x 3, na 42 ni 7 x 6. Chukua 10, 8, 7, 5, 4 na 3. Zinabaki 6, 3 na 6, ambazo zikizidishwa ni 108, sawa na 9 x 6 x 2. Namba zote mpaka 10 zimetimia.

Ndiyo maana 3,628,800 inagawanyika kwa kila namba kuanzia 1 hadi 10 bila baki. Gawanya kwa 6, unapata sekunde za wiki moja. Gawanya kwa 7, unapata za siku sita.

Wiki hizo sita ndizo wataalamu wa afya wanazozihesabu baada ya mama kujifungua. Katika familia nyingi hesabu huishia arobaini, mama akatolewa nje na shughuli zikarudi. Lakini siku 40 zina sekunde 3,456,000, namba inayogawanyika kwa zote kuanzia 1 hadi 10 isipokuwa 7. Haiwezi kutoa wiki kamili, na kliniki huhesabu kwa wiki. Arobaini ikipita, bado siku mbili.

Hata hivyo, mama asisubiri mpaka wiki ya sita ndipo aonwe. Shirika la Afya Duniani linashauri aangaliwe ndani ya saa 24 za kwanza, siku ya tatu, kati ya siku ya 7 na ya 14, kisha wiki ya sita, ambayo pia ni wakati wa chanjo za mtoto.

Katikati ya hapo, akitokwa na damu nyingi, akipata homa, kichwa kikali, degedege, kushindwa kupumua vizuri, maumivu ya mguu mmoja uliovimba au uchafu wenye harufu mbaya, apelekwe hospitali saa hiyo hiyo. Baba, bibi na dada wa nyumbani wote wazijue dalili hizi, maana mgonjwa mwenyewe huenda akasema ni uchovu tu.