Mwacheni Kijana Ainame

Ile picha karibu kila mwenye WhatsApp ameshatumiwa: kijana kainamia simu, shingo imechorewa mishale myekundu, na chini yake onyo kwamba kila anapoinama hivyo kichwa chake kinageuka mzigo wa kilo 27. Wazazi wameipokea kwa mikono miwili. Kichwa kikiuma, simu. Mgongo ukiuma, simu. Siku hizi hata kukosa usingizi na kufeli mtihani eti kunaanzia kwenye shingo iliyopinda.

Hizo kilo 27 zilitoka wapi? Mwaka 2014 daktari mpasuaji wa uti wa mgongo huko New York, Kenneth Hansraj, alipiga hesabu kwa kompyuta. Kichwa cha mtu mzima kina uzito wa kilo tano hivi; kikiinama nyuzi 60, hesabu ikatoa kilo 27. Basi. Hapakuwa na mgonjwa ndani ya hesabu hiyo, wala haikuonyesha kwamba shingo inashindwa kuubeba mzigo huo.

Waliowauliza watu wenyewe walipata jibu jingine. Huko Perth, Australia, watafiti waliangalia mikao ya vijana zaidi ya 1,000 wenye miaka 17. Waliochomoza kichwa mbele hawakuumwa shingo wala kichwa zaidi ya wenzao. Nchini Brazil, utafiti wa mwaka 2018 kwa vijana 150 haukuona uhusiano kati ya kuinamia simu na maumivu ya shingo. Kwa watu wazima, ni kweli, wenye maumivu huonekana kichwa kimetangulia mbele kuliko wasioumwa. Lakini kipi kilitangulia, mkao au maumivu? Mwenye kuumwa huiweka shingo pale inapomruhusu.

Na sisi wa huku, kilo 27 zinatutisha tangu lini? Mwaka 1986 jarida la Nature lilichapisha utafiti kuhusu wanawake wa Kijaluo na Kikikuyu nchini Kenya, wale wakibeba utosini, hawa kwa mkanda unaopita kwenye paji la uso. Mzigo ulipofikia asilimia 20 ya uzito wa mwili, walitembea nao bila kutumia nguvu ya ziada. Sisemi kwamba kubeba ni raha. Dumu la lita 20 ni kilo 20 za maji juu ya ngata, na waliolibeba miaka nenda rudi watakueleza shingo zao zinavyouma. Ila sijawahi kuona mishale myekundu ikichorwa kwenye shingo ya mama mbeba dumu. Huruma yetu yote tumempa kijana aliyekaa kwenye sofa.

Fundi cherehani anainama kutwa. Msusi anainama. Mwanafunzi wa madrasa anainamia msahafu, na hakuna anayemwambia ataota kibyongo. Kinachochosha shingo ni kukaa mkao mmoja kwa saa nyingi, uwe wa kuinama au wa kusimama wima kama mlingoti. Ongeza usingizi mbovu, mawazo, na mwili usiofanyishwa kazi. Simu ina kosa, naam, lakini kosa lake ni kumgandisha mtu mahali pamoja.

Hofu hii ina wafanyabiashara wake. Wapo wanaouza mikanda ya kunyoosha mabega, na yupo kinyozi anayemaliza kunyoa, akakushika kidevu na kukizungusha ghafla mpaka shingo ilie. Huyo wa mwisho ndiye wa kuogopwa. Ni nadra, lakini kuzungusha shingo hivyo kunaweza kuchana mshipa wa damu unaokwenda kwenye ubongo, na mtu akapata kiharusi.

Mwambie kijana wako ainuke, atembee, acheze mpira, alale mapema. Akipata ganzi au udhaifu wa mkono, au shingo ikikakamaa pamoja na homa, au ikiuma baada ya ajali, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo. Na kinyozi akimaliza kunyoa, mlipe uondoke.