Waya Mmoja, Betri Mbili: Tahadhari kwa Wenye Magari ya Kulala

Kama umeongezewa betri ya pili kwenye gari lako hapa Nkubu, usiliwashe kesho kabla hujainua kiti na kuufuata waya mwekundu unaotoka betri ya mbele kwenda ya nyuma. Tafuta fyuzi. Inapaswa kuwepo moja karibu na kila betri, umbali usiozidi shubiri moja kutoka kichwa chanya. Usipoziona zote mbili, gari hilo lisiondoke.

Wiki hii nimetazama Hiace mbili zilizotolewa viti, zikawekwa kitanda na friji, tayari kwa safari ya Chogoria na Mlima Kenya. Moja haikuwa na fyuzi kabisa. Ya pili ndiyo iliyonitia hofu zaidi, maana fyuzi ilikuwepo, nzuri, ila mbele tu, na mwenyewe alikuwa na hakika yuko salama. Waya wa taa una moto kutoka upande mmoja. Waya unaounganisha betri mbili una moto pande zote mbili. Ukichubuka kwenye ukingo wa bati, fyuzi ya mbele itakatika kama ilivyokusudiwa, lakini betri ya nyuma itaendelea kumwaga mamia ya ampea kwenye bodi hadi ganda la waya lishike moto. Juu yake pana godoro la sponji, na watoto wamelala.

Fyuzi inayokatika kila mara haitaki kubadilishwa kwa kubwa zaidi, wala kuzungushiwa uzi wa shaba. Inakuambia waya ni mwembamba, au kuna mahali umegusa bodi. Na betri ya maji isikae chini ya kitanda bila bomba la kutoa hewa nje: ikichajiwa hutoa haidrojeni, ambayo ikifika asilimia 4 tu ya hewa hulipuka kwa cheche ndogo.

Trela nazo zinafungwa nyaya kwa haraka. Waya mweupe wa athi kwenye plagi ya pini saba unaachwa, eti chuma cha kuvutia kitabeba umeme. Chuma hicho kina grisi na kutu. Ukikanyaga breki, umeme unahangaika kutafuta njia ya kurudi, unapitia balbu za jirani, na taa ya breki inabaki hafifu. Ukienda Embu utateremka Daraja la Nithi, ambako basi lilitumbukia Julai 2022 na watu zaidi ya 30 wakafa. Dereva wa lori aliye nyuma yako hapo anategemea taa hiyo tu kujua kuwa umepunguza mwendo.

Turudi kwenye betri: kama hukuziona fyuzi zote mbili, usiku huu, injini ikiwa imezimwa, chukua spana. Fungua vichwa hasi vya betri zote mbili kwanza, ili spana ikigusa bodi isirushe cheche. Kisha ung'oe ule waya mwekundu unaounganisha betri mbili kwenye kichwa chanya cha betri ya mbele, uufunge ncha kwa tepu ya umeme. Rudisha hasi ya mbele, gari litawaka kama kawaida. Hasi ya nyuma iache wazi mpaka fundi arudi na fyuzi mbili mkononi, azifunge ukiwa umesimama hapo unamwona.