Tikiti Isiyo na Kitanda Si Tikiti

Ni wachache miongoni mwetu wasiomfahamu mtu aliyekwenda India kutafuta tiba. Michango hukusanywa, ng'ombe huuzwa, shamba huwekwa rehani, na mgonjwa husindikizwa hadi Entebbe kwa sala na machozi. Tangu ndege za shirika letu la Uganda zilipoanza safari za Mumbai mwezi Oktoba 2023, njia imekuwa nyepesi kuliko zamani. Lakini Mumbai si mwisho wa safari kwa wote. Wako wanaotibiwa Chennai au Vellore, na kutoka Mumbai hadi Chennai ni zaidi ya kilomita 1,200, karibu siku nzima ndani ya garimoshi. Kipande hiki cha safari hakizungumzwi katika vikao vyetu vya michango, nacho ndicho kinachowatesa wengi.

Chanzo cha mateso hayo ni mazoea. Sisi tumezoea basi: mtu hufika kituoni, huitwa na wapiga debe, hulipa, huketi, na gari likijaa huondoka. India sivyo. Ile ni nchi ya reli tangu tarehe 16 Aprili 1853, garimoshi la kwanza la abiria lilipotoka Bombay kwenda Thane, zaidi ya miaka arobaini kabla ya kazi ya reli yetu kuanza Mombasa mwaka 1896. Watu wenye uzoefu huo wana taratibu zao, na taratibu hizo hazimngoji mgeni.

La kwanza kufahamu ni kwamba katika safari ndefu, kulipa nauli si kupata nafasi. Tikiti huandikwa hali yake. Ikiandikwa CNF, kitanda ni chako. Ikiandikwa RAC, utapanda, lakini huenda ukaketi na mwenzako juu ya kitanda kimoja mpaka mchana kuche. Ikiandikwa WL, umo katika orodha ya wanaongoja, na huna ruhusa ya kuingia katika mabehewa ya vitanda. Tikiti ya namna hiyo iliyokatwa kwa mtandao, ikiwa orodha ya mwisho imetoka nawe hujapata nafasi, hufutika yenyewe na fedha hurudishwa. Fedha zitarudi, lakini siku ya daktari hairudi. Kwa hiyo twasema: mgonjwa asiondoke nyumbani akitegemea tikiti ya kungoja.

La pili ni kuwahi. Tangu Novemba 2024, tikiti za kawaida huanza kukatwa siku 60 kabla ya safari, na kwenye njia zenye watu wengi nafasi huisha upesi. Baadhi ya magarimoshi yana mgao mdogo wa watalii wa kigeni, ambao huweza kuombwa hata mwaka mzima kabla. Mwenye visa ya matibabu na aulize mapema kama mgao huo unamhusu. Asiweke tumaini lake katika tikiti za dharura ziitwazo Tatkal, zinazofunguliwa siku moja kabla. Tangu Julai 2025, kuzikata kwa mtandao kunataka kitambulisho cha Aadhaar, ambacho mgeni wa kupita hana.

La tatu ni saa, na hapa twakiri kosa letu wenyewe. Tulipomsindikiza jamaa yetu mgonjwa, tikiti ilisema Jumatano, 00:20. Tukatulia Jumanne yote, tukafika stesheni Jumatano usiku na mizigo yetu. Garimoshi lilikuwa limeondoka usiku uliotangulia. Hakuna aliyetudanganya; tikiti ilisema kweli nasi hatukujua kuisoma. Lugha yetu inalo neno lililo wazi kabisa: ulikuwa usiku wa kuamkia Jumatano. Laiti tungelitumia neno hilo, tungalitoka nyumbani Jumanne jioni. Nauli haikurudishwa, siku ya daktari ilipita, na mgonjwa alilala stesheni juu ya shuka, akituomba radhi sisi kana kwamba kosa lilikuwa lake. Hilo hatulisahau.

La nne ni jina la stesheni. Mji mmoja huweza kuwa na stesheni kubwa kadhaa. Mumbai ina Chhatrapati Shivaji Maharaj Terminus, Mumbai Central, Bandra Terminus na Lokmanya Tilak Terminus, nazo ziko mbalimbali. Chennai ina Central na Egmore. Na aendaye Vellore kwa njia kuu kutoka Chennai hushuka Katpadi. Basi msafiri asimwambie dereva wa teksi "stesheni" tu. Amwonyeshe jina lililoandikwa katika tikiti.

La tano ni kitanda chenyewe. Katika daraja la tatu lenye kipoza hewa, vitanda hupangwa vitatu kwenda juu. Katika daraja la pili ni viwili. Mtu mwenye mshono tumboni hawezi kupanda kitanda cha juu. Umri wake uandikwe sawasawa na kitanda cha chini kiombwe wakati wa kukata tikiti, si usiku behewani kwa kubembeleza wenye vitanda vyao. Pasipoti halisi iwe mkononi, maana mkaguzi ataitaka. Na akitokea mtu mlangoni mwa stesheni akisema ofisi ya tikiti imehamishwa, nawe umfuate, usimfuate. Ingia ndani uulize dirishani. Namba 139 ndiyo ya simu ya msaada wa abiria.

Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Lakini mgonjwa mwenye homa, aliye katika nchi ambayo lugha yake haisikiki, hawezi kuwa ndiye wa kuuliza kila jambo. Kazi hiyo ni yetu sisi tunaobaki. Kamati ya michango inayohesabu fedha za ndege na za hospitali haijamaliza kazi yake mpaka imeona kwa macho tikiti ya garimoshi yenye namba ya behewa na namba ya kitanda. Nao wanaojipatia riziki kwa kuwapeleka wagonjwa ng'ambo, wana wajibu wa kuwaeleza haya kabla ya kupokea malipo.

Tunawapeleka jamaa zetu mbali ili wapone. Tusiwaache wakaugulie stesheni.