Vijana Wanasheria, Msiidharau Ofisi ya Serikali

Kila Jaji Mkuu anapowaapisha mawakili wapya, hata picha za majoho hazijaisha kupigwa, swali huanza: niombe kazi serikalini au nitafute nafasi kwa mawakili wa kujitegemea? Wengi huamua kwa kulinganisha mishahara. Vijana wetu, hesabu hiyo peke yake itawapoteza.

Wakili mchanga hana mtaji ila uzoefu. Ulizeni basi uzoefu huo unapatikana wapi upesi. Katika ofisi nyingi kubwa za Dar es Salaam, mgeni hukaa muda mrefu akiandaa viapo, akipeleka nyaraka masijala na kwenda kuomba kesi ya bosi iahirishwe. Wateja si wake, wala hoja si zake. Mwenzake aliyeajiriwa Ofisi ya Taifa ya Mashtaka, Wakili wa Serikali Daraja la II, akapangiwa wilaya ya mbali, husimama mwenyewe mbele ya hakimu. Anaongoza mashahidi, anajibu mapingamizi. Huko ndiko atakapoonja uchungu wa kujua kwamba hati iliyopokelewa kuwa kielelezo isiposomwa kwa sauti mahakamani, Mahakama ya Rufani huweza kuiondoa kwenye kumbukumbu, na kesi iliyochukua miaka ikaporomoka. Somo hilo darasani huandikwa tu. Kortini humkaa mtu moyoni, kwa sababu nyuma yake ameketi mama aliyedhulumiwa.

Najua mtasema serikalini malipo ni madogo, tena hairuhusiwi kuchukua kesi za watu kwa ujira. Ni kweli. Lakini anayejitegemea naye ana pango, karani na leseni ya kuhuisha kila mwaka, na wateja wasiolipa kwa wakati. Makato ya mkopo wa elimu ya juu, asilimia 15 ya mshahara, humfuata mwajiriwa wa pande zote mbili.

Ninayemhofia ni yule anayekimbilia serikalini kwa ajili ya pensheni tu. Huyo heri asiende, maana ataharibu kesi za wananchi.

Nawe uliyekwisha kuomba kupitia Sekretarieti ya Ajira, usikae nyumbani ukingoja kuitwa kwenye usaili. Nenda kwa watoa msaada wa kisheria waliosajiliwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, omba jalada moja la mirathi ya mjane, ulishughulikie mpaka apate haki yake.