Barua Iliyovurugika Isifutwe kwa Pupa

Karani anapofungua barua pepe yenye kichwa cha uhamisho wa mwalimu, akakuta ndani yake ankara ya mafuta ya gari, jambo la kwanza linalosemwa ni kwamba kompyuta imeingiwa na virusi. La pili ni kwamba karani ni mzembe. Kabla jua halijachwa barua hiyo imekwisha kufutwa, pengine pamoja na nyingine mia, na mwalimu yule anabaki kungojea uhamisho ambao hauna tena ushahidi.

Mazoea haya hayana budi kukomeshwa, kwa kuwa mara nyingi barua yenyewe haikudhurika hata kidogo. Chukua mfano wa Thunderbird, programu isiyolipiwa, ambayo toleo lake la kwanza kamili lilitoka mwaka 2004. Kwa kawaida programu hiyo huhifadhi barua zote za folda moja katika faili moja refu, barua ikifuata barua, na kando yake huweka faili dogo la faharisi lenye mwisho wa .msf. Ye yote aliyepata kufanya kazi masijala ataelewa mara moja: faili refu ni jalada, faharisi ni rejista. Umeme ukikatika programu ikiwa katikati ya kuandika, au programu ya kuzuia virusi ikiligusa jalada bila rejista kujua, rejista na jalada havikubaliani tena. Ndipo kichwa cha barua moja kinapofungua tumbo la nyingine.

Lipasalo kwanza ni kuifunga programu na kunakili jalada zima kwenye diski nyingine. Kisha programu ifunguliwe, na katika sifa za folda itolewe amri ya kuitengeneza: rejista ya zamani hutupwa, na mpya huandikwa kwa kulisoma jalada tangu mwanzo. Amri ya kuogopwa ni ile ya kubana folda. Barua iliyofutwa haitoki jaladani papo hapo. Huwekewa alama tu, na kubana ndiko kunakoiondoa kabisa. Anayebana kwa haraka huondoa hata kile ambacho fundi angeweza kukiokoa.

Walimu wa Kiswahili wanayo pia malalamiko yao: neno ng’ombe hufika likiwa ngâ€™ombe. Hapo hakuna kilichoharibika. Ritifaa iliyopinda imeandikwa kwa utaratibu wa UTF-8, ikasomwa kwa ule wa zamani wa Windows.

Palipo na utaratibu wa IMAP, ambapo barua hubaki kwenye seva, hasara si kubwa, kwani huletwa upya. Lakini ofisi inayotumia POP, na iliyoiagiza seva ifute kila barua ikishachukuliwa, haina nakala nyingine ila ile iliyomo katika mashine moja juu ya meza moja. Ofisi ya namna hiyo ikipoteza barua, mwenye kosa ni mkuu wa ofisi. Wakuu wa idara na wa shule waagize nakala ichukuliwe kila Ijumaa, na jina la mhusika liandikwe. Karani aliyekabidhiwa kompyuta bila maelekezo yo yote asidaiwe barua ya kujieleza.